Dozi kubwa ya surua: jaribio la kuzishinda kingamwili za mama

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa pendekezo lililokuwa likisubiriwa kwa hamu na madaktari wa watoto katika nchi maskini. Lilisema kwamba mahali ambapo surua inaua watoto wengi kabla hawajatimiza miezi 9, wachanjwe wakiwa na miezi 6, kwa chanjo ya Edmonston-Zagreb yenye virusi vingi kuliko kawaida. Mwaka 1992 pendekezo hilohilo likafutwa. Kati ya miaka hiyo miwili ilibainika kwamba watoto waliopewa dozi kubwa walikuwa wamekingwa na surua kama ilivyotarajiwa, lakini wasichana miongoni mwao walikufa kwa wingi kuliko wenzao waliosubiri chanjo ya kawaida.

Kisa hiki hakisimuliwi sana kwa Kiswahili, na mara nyingi kikitajwa hutajwa na watu wanaotaka kutisha wazazi. Nadhani kinastahili kusomwa taratibu. Swali lililokizaa bado lipo kliniki hadi leo: kama surua iko mtaani, kwa nini mtoto wa miezi 6 arudishwe nyumbani aambiwe aje akifika miezi 9?

Kinachovuka kondo

Tuanze na mama. Kuanzia kama wiki ya 13 ya mimba, na kwa kasi zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, kondo la nyuma huvusha kingamwili za aina ya IgG kutoka damu ya mama kwenda kwa mtoto. Hazivuji, zinabebwa. Kuna protini maalumu inayozipokea upande mmoja na kuziachia upande wa pili, na inafanya kazi hiyo vizuri kiasi kwamba mtoto aliyetimiza siku zake anaweza kuzaliwa na IgG nyingi kuliko alizo nazo mama yake. Njiti hukosa sehemu kubwa ya mzigo huo kwa kuwa ametoka kabla ya wakati wake. Malaria iliyojificha kwenye kondo na VVU kwa mama navyo hupunguza kinachovuka. Ndiyo sababu moja kwa nini watoto wa maeneo mengi ya Afrika huishiwa na kingamwili za surua mapema kuliko watoto wa Ulaya waliozaliwa na mama wenye historia ileile ya kuugua surua.

Mtoto hupokea kile mama alichokutana nacho, iwe ni ugonjwa au chanjo. Mjamzito akichomwa sindano ya pepopunda, kichanga chake hukingwa na pepopunda ya kitovu. Mama aliyeugua surua utotoni naye humpa mwanawe miezi kadhaa ya usalama.

Ila kingamwili hizo ni za kuazima. Mtoto hatengenezi nyingine za kuziba pengo, na zilizopo hupungua kwa nusu kila baada ya mwezi hivi au zaidi kidogo. Tuchukue hesabu ya mfano: mtoto kazaliwa na vipimo 2,000 vya kingamwili za surua. Kama vinapungua kwa nusu kila mwezi, baada ya mwezi mmoja ana 1,000, wa pili 500, wa tatu 250, wa nne 125. Kiwango kinachotumika sana kama mpaka wa kinga dhidi ya surua ni vipimo 120. Kwa hiyo baada ya hapo mtoto yuko wazi kwa kirusi cha mtaani. Lakini vile vipimo 60 au 30 vilivyobaki bado vina kazi. Haviwezi kukizuia kirusi cha surua halisi, kinachoingia kwa njia ya hewa na kuzaana kwa kasi. Vinaweza, hata hivyo, kukizima kirusi cha chanjo, ambacho kimedhoofishwa makusudi. Basi kuna kipindi, cha wiki au hata miezi, ambacho mtoto hana kingamwili za kutosha kumwokoa na surua ila anazo za kutosha kuiharibu chanjo yake.

Zinaiharibu vipi? Jibu si moja, na tofauti kati ya majibu ndiyo itakayotusaidia kuelewa kilichofuata.

Njia iliyo wazi kuliko zote ni kukamata. Chanjo ya surua ni hai, na ili ifundishe mwili ni lazima virusi vyake viingie ndani ya seli na kuzaana kidogo. Kingamwili za mama zikivishika kabla havijaingia, hakuna kuzaana na hakuna somo. Njia ya pili ni kufunika: zile sehemu za kirusi ambazo seli B za mtoto, yaani seli zinazotengeneza kingamwili, zingezitambua tayari zimekaliwa na kingamwili za mama, hivyo seli hizo hazioni kitu kipya. Njia ya tatu imechunguzwa sana kwa panya wa maabara na kundi la Stefan Niewiesk. Kingamwili iliyoshika kirusi kwa ncha yake moja hushika, kwa mkia wake, kipokezi kilichoko juu ya seli B ambacho kazi yake ni kuituliza seli hiyo. Seli B inakutana na adui na breki kwa wakati mmoja.

Sasa fikiria unataka kuishinda hali hii. Kama tatizo ni kukamata tu, dawa yake ni hesabu: leta virusi vingi kuliko kingamwili zinavyoweza kukamata. Kama tatizo ni breki, kuongeza virusi kunaweza kuongeza pia idadi ya breki zinazokanyagwa. Miaka ya 1980 fikra iliyotawala ilikuwa ile ya kwanza.

Miezi 9 ilitoka wapi

Chanjo ya surua ilipopewa kibali Marekani mwaka 1963, umri uliopendekezwa ulikuwa miezi 9. Mwaka 1965 ukasogezwa hadi miezi 12, na mwaka 1976 hadi miezi 15, kwa sababu watoto waliochanjwa mapema walikuwa wakionekana tena wakiugua. Mwaka 1977 Paul Albrecht na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya watoto wa Kimarekani walibaki na mabaki ya kingamwili za mama hata baada ya mwaka mmoja, kiasi kidogo mno kwa vipimo vya kawaida vya wakati huo ila cha kutosha kuizuia chanjo.

Marekani iliweza kusubiri. Surua ya miezi ya mwanzo ilikuwa nadra huko. Afrika hali ilikuwa nyingine kabisa. Mwaka huohuo wa 1977 Wizara ya Afya ya Kenya pamoja na WHO walichapisha utafiti wao kuhusu kinga ya surua katika mwaka wa kwanza wa maisha na umri bora wa kuwachanja watoto wa Kenya. Mradi wa Machakos, uliofuatilia afya ya mama na mtoto vijijini katika miaka hiyo, nao ulikuwa ukirekodi surua kama moja ya magonjwa yake makuu. Kazi za namna hii ndizo zilizoipa dunia ile namba tunayoikuta kwenye kadi ya kliniki. Ukiwachanja watoto wakiwa na miezi 9, karibu watoto 85 kati ya 100 hupata kingamwili zao wenyewe. Ukisubiri hadi miezi 12, hufika karibu 95, lakini wengine wameshaugua na baadhi wamekufa wakisubiri.

Kwa hiyo miezi 9 si umri ambao mwili wa mtoto hufungua mlango ghafla. Ni mapatano kati ya hasara mbili, yaliyofanywa kwa kuwatazama watoto wa wakati huo, waliozaliwa na mama wa wakati huo. Kabla chanjo haijaenea, surua ilikadiriwa kuua watu milioni 2.6 kila mwaka duniani, wengi wao watoto wadogo. Hata baada ya ratiba ya miezi 9 kuanza, pengo liliendelea kuua, hasa katika miji iliyosongamana. Watafiti waliofanya kazi Kinshasa walichapisha mwaka 1988 kwamba juhudi za kudhibiti surua mjini humo zilikwamishwa na wingi wa wagonjwa wa chini ya mwaka mmoja. Mtoto wa mjini hukutana na watu wengi mapema: daladala, soko, foleni ya kliniki yenyewe.

Zagreb na wazo la wingi

Virusi vya chanjo nyingi za surua vina asili moja, yaani kirusi kilichopatikana mwaka 1954 kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa Massachusetts, David Edmonston, katika maabara ya John Enders. Kutoka kwake zikazaliwa nasaba kadhaa. Schwarz hukuzwa kwenye seli za kiinitete cha kuku. Edmonston-Zagreb, iliyoendelezwa katika mji wa Zagreb uliokuwa Yugoslavia wakati ule, hukuzwa kwenye seli za binadamu.

Mwaka 1984 Hilton Whittle na wenzake nchini Gambia walitoa taarifa iliyowachangamsha wengi: watoto wa miezi 4 hadi 6 waliopewa Edmonston-Zagreb walitengeneza kingamwili vizuri, licha ya kuwa na za mama. Hatua iliyofuata ilikuwa ya kawaida ya maabara: ongeza dozi, pima tena. Chanjo ya kawaida ilitakiwa kuwa na angalau vipimo 1,000 vya virusi hai. Iliyoitwa ya wingi wa juu ilizidi takriban 50,000. Majaribio yakafanyika Gambia, Guinea-Bissau, Senegal, Haiti, Mexico na kwingineko, na kadiri dozi ilivyopanda, ndivyo watoto wengi zaidi wa miezi 6 walivyotengeneza kingamwili. Guinea-Bissau, Peter Aaby na wenzake walionyesha mwaka 1988 kwamba haikuwa damu tu iliyobadilika. Watoto walikuwa wakikingwa na surua yenyewe.

Ukisoma taarifa hizo leo kwa macho ya mwaka 1989, ni vigumu kuwalaumu waliotoa pendekezo. Ugonjwa ulikuwa unaua. Chanjo ilikuwa ileile iliyojulikana, haikuwa kitu kigeni. Homa na vipele baada ya sindano havikutisha. Kipimo cha damu kilisema ndiyo, na kipimo cha kinga dhidi ya ugonjwa kikasema ndiyo. Ni swali gani lililobaki?

Lilibaki moja, na halikuwa kwenye fomu za majaribio mengi: baada ya miaka miwili, ni wangapi wangali hai?

Niakhar na Bandim

Swali hilo lilijibiwa kwa sababu ya kazi isiyovutia, kazi ya kuhesabu watu. Niakhar ni eneo la vijiji vya Wasereri nchini Senegal ambako watafiti walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuandika kila anayezaliwa, anayehama na anayekufa. Bandim ni mtaa wa Bissau, mji mkuu wa Guinea-Bissau, ambako Aaby, Mdenmaki aliyesomea anthropolojia, alianza mwaka 1978 kuorodhesha kila kaya. Katika sehemu kama hizo mtoto hapotei kwenye hesabu kwa sababu tu hakurudi kliniki.

Jaribio la Niakhar, lililoongozwa na Michel Garenne na wenzake, liliwagawa watoto kwa bahati nasibu. Wengine walipewa dozi kubwa ya Edmonston-Zagreb wakiwa na miezi 5, wengine dozi kubwa ya Schwarz katika umri huo, na wengine walichomwa sindano bandia kisha wakapata Schwarz ya kawaida walipofika miezi 10. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991 katika jarida la Lancet. Ikilinganishwa na kundi lililosubiri, hatari ya kifo ilikuwa mara 1.8 kwa waliopata Edmonston-Zagreb ya dozi kubwa, na mara 1.5 kwa waliopata Schwarz ya dozi kubwa. Ziada hiyo ilionekana hasa kwa wasichana.

Vifo hivyo havikuja wiki ya sindano wala mwezi wa sindano. Vilitawanyika katika mwaka wa pili na wa tatu wa maisha, na watoto hawakufa kwa surua. Walikufa kwa yale yanayoua watoto wa vijijini siku zote, kuhara, homa na vichomi. Hakukuwa na alama ambayo daktari angeiona kitandani na kusema "hii ni chanjo". Hospitali peke yake, hata iwe na wataalamu hodari namna gani, isingeliona jambo hili.

Kwa jaribio moja mtu angeweza kusema ni bahati mbaya ya takwimu, na ingekuwa haki kusema hivyo. Lakini Guinea-Bissau ikaonyesha mwelekeo uleule, na Haiti nayo wasichana wakaonekana kuathirika. Mwaka 1992 WHO ikaliondoa pendekezo. Majaribio ya Afrika Magharibi yalipounganishwa baadaye, katika uchambuzi wa mwaka 1996, hatari ya kifo kwa waliopata dozi kubwa ilikuwa mara 1.33 kwa watoto wote kwa jumla. Kwa wasichana ilikuwa mara 1.86. Kwa wavulana ilikuwa 0.91, yaani hakuna madhara yaliyoonekana. Zingatia hapo: mtu angechanganya jinsia zote mbili bila kutenganisha, angeona ongezeko dogo ambalo lingebishaniwa miaka mingi.

Jambo la pembeni, lakini halina budi kutajwa. Wakati haya yakiendelea, Edmonston-Zagreb ya dozi kubwa ilikuwa ikijaribiwa pia Los Angeles, katika miaka ya 1990 na 1991, kwa watoto wachanga karibu 1,500, wengi wao Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Jaribio lilisimamishwa baada ya habari za vifo kutoka ng'ambo. Mwaka 1996 Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani (CDC) kilikiri kwamba wazazi hawakuelezwa kuwa moja ya chanjo hizo haikuwa na kibali nchini humo. Mzazi ana haki ya kujua anachochomwa mwanawe ni jaribio au ni ratiba. Wanaokitumia kisa hiki kuwatia watu hofu dhidi ya chanjo zote hawasemi kwamba waliogundua madhara walikuwa watafiti wa chanjo wenyewe, wala kwamba chanjo ya surua tunayopewa leo si ile ya dozi kubwa.

Kwa nini wasichana?

Hapa wataalamu hawajakubaliana, na nitataja maelezo mawili tu yenye uzito.

Maelezo ya kwanza ni kwamba dozi kubwa ilifanana mno na surua. Ugonjwa wa surua hudhoofisha kinga ya mwili kwa muda mrefu baada ya mgonjwa kupona, na huenda virusi vya chanjo vilivyo vingi kupita kiasi vilifanya kitu cha namna hiyo kwa watoto wa miezi 5. Maelezo haya yana mantiki, lakini hayasemi kwa nini wavulana walisalimika.

Maelezo ya pili ni ya Aaby mwenyewe, aliyerudi kwenye madaftari yake na kuchapisha uchambuzi mpya mwaka 2003. Aliona kwamba kuwapa watoto chanjo ya surua mapema kulibadilisha mpangilio mzima wa sindano. Wengi wa waliopata dozi kubwa walipewa baadaye chanjo ya pamoja ya dondakoo, pepopunda na kifaduro, pamoja na ya polio ya sindano, ilhali kwa waliosubiri, chanjo ya surua ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Kwa maoni yake, mpangilio huo uliogeuzwa ndio ulioleta madhara kwa wasichana, na si wingi wa virusi. Wazo hili limezua mjadala mrefu. WHO iliupitia ushahidi mwaka 2014 na haikuona sababu ya kubadilisha ratiba, na chanjo ya kifaduro inaendelea kuokoa vichanga kila mwaka. Binafsi naona swali la mpangilio ni halali kisayansi, ila si sababu ya mzazi yeyote kuruka sindano ya wiki 6.

Dozi kubwa ilifanikiwa kwa kile ilichopimiwa. Ilizishinda kingamwili za mama. Kosa la kisa hiki, kama tunataka kulitaja kwa jina, ni kuichukulia kingamwili ndani ya chupa ya damu kana kwamba ndiyo uhai wa mtoto. Kwa chanjo nyingi vitu hivyo viwili huenda pamoja. Hapa vilitengana, na vilitengana kimyakimya.

Si mama peke yake

Kuna jambo la pili ambalo fikra ya miaka ya 1980 ililipa uzito mdogo. Mwaka 1998 Hayley Gans na wenzake, California, walichapisha matokeo ya watoto waliochanjwa surua wakiwa na miezi 6, 9 na 12. Watoto wa miezi 6 waliitikia kwa kingamwili kidogo hata pale ambapo hawakuwa na mabaki yoyote ya kingamwili za mama yanayopimika. Maana yake umri wenyewe una sehemu. Seli B za mtoto mchanga bado hazijakomaa kufanya kazi ya mtu mzima. Ukiziondoa kingamwili zote za mama kwa muujiza, bado mtoto wa miezi 6 hatakuwa mtoto wa miezi 12.

Upande wa seli T, zile seli za kinga zinazopambana na maambukizi bila kutegemea kingamwili, hadithi ni nzuri zaidi. Hizi hazizuiliwi sana na kingamwili za mama, na katika kazi hizohizo za California watoto wa miezi 6 waliitikia kwa seli T karibu sawa na wakubwa wao. Kwa hiyo mtoto ambaye damu yake inasema chanjo "haikushika" anaweza kuwa amejifunza kitu ambacho kipimo cha kingamwili hakikioni. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kuwachanja mapema wakati wa hatari na kurudia baadaye. Ni sababu mojawapo pia kwa nini BCG, chanjo ya kifua kikuu, ambayo kazi yake kubwa hupitia seli T, hutolewa siku za mwanzo kabisa bila wasiwasi huu. Homa ya ini B nayo huchanjwa saa 24 za mwanzo na watoto huitikia vizuri ingawa mama anaweza kuwa na kingamwili zake.

Kurudia huko kunaleta gharama yake. Uholanzi ilipopata mlipuko mwaka 2013, watoto kadhaa walipewa dozi ya mapema kabla ya ile ya kawaida ya miezi 14. Walipofuatiliwa, waliochanjwa kabla ya miezi 8 na nusu walipoteza kingamwili haraka kuliko waliosubiri, hata baada ya kupata dozi ya miezi 14. Uchambuzi mkubwa uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto waliotengeneza kingamwili walikuwa nusu tu walipochanjwa wakiwa na miezi 4, na 85 kati ya 100 walipochanjwa wakiwa na miezi 8.

Bissau nayo haikukata tamaa. Baada ya dozi kubwa kuzikwa, Aaby na wenzake walijaribu dozi ya kawaida ya Edmonston-Zagreb kwa watoto wa miezi minne na nusu, kisha wakarudia kwa miezi 9. Mwaka 2008 walionyesha kwamba iliwakinga na surua wakati wa mlipuko, na mwaka 2014 wakaripoti jambo la ajabu: waliochanjwa wakiwa bado na kingamwili za mama walikufa kwa uchache kuliko waliochanjwa bila kuwa nazo. Kile kilichohesabiwa kuwa kikwazo kikaonekana pengine kuwa msaada. Majaribio ya baadaye hayakuirudia faida hiyo waziwazi, kwa hiyo nisingejenga sera juu yake. Naitaja kwa kuwa inaonyesha jinsi swali la awali, la namna ya kuzishinda kingamwili za mama, lilivyokuwa jembamba.

Kadi ya kliniki leo

Kilichobaki kwenye mwongozo baada ya misukosuko hiyo yote ni kitu cha wastani. Panapokuwa na mlipuko, au mtoto amezaliwa na mama mwenye VVU, dozi ya kawaida inaweza kutolewa kuanzia miezi 6. Kenya inafanya hivyo. Dozi hiyo huhesabiwa kuwa dozi sifuri: inasaidia sasa, lakini haichukui nafasi ya ile ya miezi 9. Mtoto lazima arudi akiwa na miezi 9, kisha tena akiwa na miezi 18 kwa ratiba ya Kenya na Tanzania. Muuguzi akisahau kumwambia mama hivyo, mama huona sindano ya surua imeandikwa kwenye kadi na kuamini kazi imekwisha. Naona hapo ndipo dozi ya mapema inapoweza kuumiza zaidi siku hizi.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitukumbusha mwaka 2019 gharama ya kutofika kwa watoto: zaidi ya wagonjwa 310,000 walioripotiwa na vifo zaidi ya 6,000 kabla mlipuko haujatulia. Idadi kama hizo haziletwi na ubishi wa miezi 6 au 9. Zinaletwa na watoto ambao hawakuchanjwa kabisa.

Lakini ubishi wa umri utarudi, na sababu yake ni akina mama wenyewe. Mama wa Machakos wa miaka ya 1970 walikuwa wameugua surua. Wengi wa mama wa leo hawakuugua, walichanjwa, na chanjo huacha kingamwili chache kuliko ugonjwa. Ubelgiji, Elke Leuridan na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba watoto wa mama waliowahi kuugua walibaki na kingamwili kwa takriban miezi 3.8 kwa wastani, na watoto wa mama waliochanjwa kwa chini kidogo ya mwezi mmoja. Kama hali inaelekea huko Afrika Mashariki, pengo ambalo mtoto yuko wazi linapanuka kutokea mwanzoni, huku kikwazo cha chanjo kikipungua. Hesabu iliyoizaa miezi 9 inabadilika pande zake zote mbili.

Atakayetaka kuushusha umri huo ana pa kuanzia. Kilifi, Siaya na Ifakara tayari kuna madaftari ya sensa ya nyumba kwa nyumba ya aina ileile iliyofichua yaliyotokea Niakhar. Watoto wafuatiliwe hadi umri wa miaka mitatu angalau, na wasichana wawe wengi wa kutosha kuhesabiwa peke yao.